Kumsafishia Mbwa wa Mpangaji

Wiki iliyopita mbwa wa jirani alijisaidia kwenye ngazi za jengo letu pale Tudor, na mlinzi akaleta kopo la majivu akayamwaga juu ya uchafu ule. Nilikuwa nateremka, mkoba begani, nimeshachelewa kazini. Harufu ya majivu ya makaa yakinyonya kitu kibichi ilinisimamisha pale pale. Mlinzi alidhani nimekasirika, akaanza kuomba radhi. Nikamwambia aendelee, anafanya vizuri, ila angoje majivu yakamate kabla hajazoa, la sivyo ataupaka ngazi nzima. Alinitazama sana, na sikumlaumu. Mwanamke kajifunga buibui lake, anakwenda ofisini, anamfundisha mtu kuzoa mavi ya mbwa.

Kazi hiyo niliijua nikiwa darasa la pili, na hakuna aliyenifundisha. Siku nzima pale kazini sikufanya la maana. Nilikuwa nimerudi Kibokoni, kwenye ua wa nyumba ya Bibi, nimechuchumaa kwa miguu mitupu, nasikiliza kama ameshamaliza uradi wake wa baada ya sala huko juu.

Nyinyi mliolelewa Mji wa Kale mnazijua nyumba zile. Mbele baraza na mlango mzito, ndani giza hata mchana, ngazi nyembamba za kumchosha mzima sembuse mgonjwa, na nyuma ua wa saruji wenye jiko, choo, kamba ya nguo na pipa la maji. Ua wetu ulikatwa katikati na mfereji mdogo wa kupitisha maji machafu. Upande wa pili wa mfereji palikuwa na chumba kimoja, zamani ghala ya babu, ambacho Bibi alimpangisha Mutisya. Mutisya alikuwa Mkamba, fundi wa mitambo bandarini, mtu wa maneno machache na salamu nyingi, na kwa muda mrefu hapakuwa na la kumsema. Kisha wezi wakaruka ukuta. Walichukua vyombo vyake vya kazi, na wakapita na sufuria kubwa ya Bibi ya kupikia pilau la shughuli. Jumamosi iliyofuata Mutisya akarudi kutoka kwao na mbwa wa rangi ya udongo, masikio yamesimama, jina lake Bosi.

Katika nyumba yetu hakujawahi kuingia mbwa tangu ijengwe. Kwa madhehebu yetu sisi, chochote kilichoguswa na majimaji ya mbwa huoshwa mara saba, na mara moja katika hizo kwa udongo, na Bibi alikuwa mtu wa kuosha mara nane ili awe na hakika. Lakini ile sufuria ilimuuma. Alisimama upande wake wa mfereji, kanga imefika mpaka nyusi, akamtazama yule mbwa, na yule mbwa akamtazama.

"Mutisya mwanangu, weye ni mtu mzuri," akasema. "Lakini huyu mwisho wake ni hapa kwenye mfereji. Siku nitakayoona uchafu wake upande huu, hiyo ndiyo siku yake ya mwisho hapa."

"Nimeelewa, Mama. Mchana nitamfunga. Usiku nitamfungulia, kwa sababu ya wezi, lakini asubuhi nitasafisha."

Alikuwa mkweli, ila kazi yake ilikuwa ya zamu. Siku nyingi zamu ilimtoa nyumbani kabla hakujapambazuka. Humfunga mbwa gizani, akaondoka bila kuona kilichoachwa. Na Bosi, ambaye hakuambiwa habari ya mfereji, aliupenda upande wetu.

Wakati huo Mama alikuwa ameshateremshwa chini. Alishindwa na ngazi. Baba yuko Uarabuni kwa kazi, anapiga simu kila Ijumaa, na sisi nyumbani ni Bibi, Mama na mimi. Majirani walisaidia kushusha kitanda, kikawekwa kwenye chumba cha chini ambacho dirisha lake liliangalia ua. Miguu ya Mama ilivimba, ukiibonyeza kwa kidole hubaki shimo, na usiku alilala ameketi, ameegemea mito, akitafuta pumzi. Zamani Jumapili jioni alikuwa akinipeleka ufukweni Mama Ngina kula mihogo ya kukaanga, yenye pilipili mpaka machozi yanatutoka sote wawili. Sasa kutoka kitandani mpaka chooni ilikuwa ni safari.

Wote walisema atapona, inshallah. Daktari hakuniambia kitu, Bibi hakuniambia kitu, na Baba kwenye simu aliniuliza habari za shule tu. Nilijua kwa njia nyingine. Wageni waliokuja kumtazama Mama walianza kunipa vitu. Watu ambao maisha yao yote walinifukuza nisicheze kwenye baraza zao, ghafla wananipapasa kichwa, wananikunjia haluwa kwenye karatasi, wananiuliza kama nimekula. Niliila haluwa ile yote. Tangu hapo ikawa kila mlango ukigongwa natazama kwanza mikono ya mgeni.

Chuo chetu cha Kurani kilikuwa Kuze, mwendo mfupi tu kutoka nyumbani. Maalim alikuwa mtu mpole mwenye sauti ya mafua, na siku moja, akitueleza adabu za nyumba, akasema kwamba malaika hawaingii nyumba yenye mbwa wala yenye picha. Akapita, akaendelea na mambo mengine, namna ya kubisha hodi na namna ya kuvua viatu. Mimi nilibaki pale pale alipotaja malaika. Ziraili mtoa roho naye si malaika? Basi nyumba ile ambayo Bibi alikuwa akinung'unika kila siku kwamba imeharibika kwa kuwa na mbwa ndiyo nyumba pekee ya mtaa mzima ambayo Ziraili hawezi kuikanyaga. Nilitembea kurudi nyumbani nimejaa furaha iliyonitisha. Usiku ule, kwa kuongeza nguvu, nikakata picha ya mtoto kwenye karatasi ya biskuti nikaitia chini ya godoro la Mama.

Sasa utaelewa kwa nini lile sharti la Bibi lilinikosesha usingizi. Akiuona uchafu, mbwa atafukuzwa. Mbwa akifukuzwa, mlango uko wazi. Kwa hivyo uchafu usionekane.

Na hapa niseme wazi kwamba mbwa mwenyewe nilimchukia. Nilimuogopa mno. Pumzi zake, ulimi wake, namna alivyotikisa mwili mzima akiniona, kama kwamba tuna urafiki, vyote vilinitia kichefuchefu. Lakini Bibi akimaliza sala ya alfajiri hubaki juu, kwenye msala, akivuta uradi mpaka jua lichomoze, na huo ndio muda wangu. Nateremka na kopo la majivu ya jiko. Namwaga. Nangoja, macho kwa Bosi ambaye amefungwa kwenye mlango wa Mutisya akinitazama kazi. Nazoa kwa kipande cha bati, nafunga kwenye gazeti, natoka mbio mpaka jaani. Halafu kuosha. Udongo nilichota kwenye debe la mrehani wa Mama, maji nilichota kwenye pipa, nikahesabu kwa midomo bila sauti, na nikipotea hesabu naanza upya. Mikono nayo niliiosha vivyo hivyo mpaka ngozi ikapasuka. Shuleni niliificha chini ya dawati.

Dirisha la Mama lilikuwa pale pale, mbao zake zimefungwa nusu. Nilidhani amelala.

Kitu cha kwanza kilichonisaliti kilikuwa maji. Wenyeji mnajua kwamba maji ya kule hayakuwa ya kuchezea. Bomba lilitoa hewa zaidi ya maji, na pipa tulijaza kwa madumu ya mkokoteni. Bibi alijua kiasi cha maji yake bila kufunua pipa, kwa kuligonga tu kwa fundo la kidole. Asubuhi moja akaligonga, akasikia tofauti, na Mutisya alipotoka kwenye zamu akamngojea mlangoni.

"Maji haya yaenda wapi, Mutisya? Mgonjwa hajaoga, na pipa lalia tupu."

Mutisya alitazama saruji ya ua, iliyong'aa kuliko sakafu ya msikiti. Akanitazama mimi. Nilikuwa nimesimama nyuma ya Bibi na mikono yangu yenye mipasuko nimeificha ndani ya gauni.

"Pengine ni mimi, Mama," akasema. "Nitalijaza."

Akalijaza, na tangu hapo kila siku alirudi na dumu moja begani. Siku moja, Bibi akiwa jikoni, Mutisya aliniambia polepole, "Ahsante, msichana. Huyu mbwa amepata rafiki." Nikakimbilia ndani.

Siku iliyoharibu mambo ni siku niliyopitiwa na usingizi. Usiku wake Mama alikuwa na hali mbaya, taa ziliwaka, Bibi akipanda na kushuka, na nilipokuja kushtuka jua limeshaingia chumbani. Nilisikia sauti ya Bibi kutoka chini. Hakuwa akipiga kelele. Bibi akikasirika hasa sauti yake hushuka.

"Hapa," alikuwa akimwambia Mutisya. "Karibu na dirisha la mgonjwa. Nimebakisha kidogo nikanyage, nami natoka kutia udhu. Mtoe."

"Nitampeleka kwa rafiki yangu Changamwe, Mama. Leo hii. Samahani sana."

Tayari alikuwa ameshika kamba. Nilishuka zile ngazi sijui vipi, nikamwangukia Bibi miguuni. Nililia kilio ambacho sijakilia tena kwa jambo lolote, nimeng'ang'ania kanga yake, nikisema asitolewe, asitolewe, Bibi nakuomba, asitolewe. Bibi alistaajabu. Mjukuu wake, aliyekuwa akipiga mayowe akiona mbwa mwisho wa mtaa, leo anagaragara kwa ajili ya mbwa. Alijaribu kuninyanyua akashindwa. Ndipo Mama akaita kutoka ndani, sauti ndogo, "Mama, njoo kidogo."

Bibi akaingia, mlango ukafungwa. Mutisya alisimama na kamba yake, mimi nimekaa chini, mbwa katikati yetu. Bibi alipotoka macho yake yalikuwa mekundu.

"Abaki," akasema. "Ila sitaki kumuona." Akapanda juu, na siku nzima hakunisemesha.

Sikujua Mama alimwambia nini, na sikujali. Nilichotaka nimekipata. Ila hofu ikishaingia haitoki kwa urahisi, na ile hali ya Mama ya usiku ule iliniacha na swali. Nikataka hakika. Wiki ile ile, chuoni, nilinyoosha mkono.

"Maalim, nyumba yenye mbwa, Ziraili pia haingii?"

Chuo kizima kilicheka. Mtoto mmoja akasema basi wafuga mbwa wote wangekuwa hai mpaka leo. Maalim aliwanyamazisha, akanijibu kwa upole wake ule ule.

"Wasioingia ni malaika wa rehema, binti yangu, wale wanaokuja na baraka. Mtoa roho hazuiwi na mbwa wala na kufuli. Akitumwa huingia."

Niliinuka bila ruhusa. Nakumbuka viatu sikuvaa, nilivibeba. Vichochoro vya Kuze sikuviona. Nilichokiona ni chumba cha Mama na mito yake, na wale malaika wa baraka wamejipanga nje ya mlango wetu, miezi yote ile, hawawezi kuingia, kwa sababu mimi kila alfajiri nilikuwa nikihakikisha kwamba mbwa yupo. Nilikuwa nimewafungia wenye heri, nikamwachia njia yule niliyemkimbia.

Bibi alikuwa ametoka kununua dawa. Nilikwenda moja kwa moja kwa Bosi, nikavuta fundo la kamba kwa vidole na meno. Aliniramba mkono, akaniramba shavu, na kwa mara ya kwanza sikuhesabu chochote. Nikamburuta mpaka mlango wa nyuma, nikamsukumia kichochoroni. Akakaa pale, akanitazama. Nikampiga kwa kiatu. Akasogea hatua mbili akakaa tena.

"Nani amekwambia umtoe?"

Ilikuwa sauti ya Mama dirishani. Alikuwa ameamka, ameshika mbao za dirisha kwa mikono miwili, na kusimama tu kulikuwa kumemmaliza pumzi. Nikaingia ndani mbio nikamkuta ameshaketi ukingoni mwa kitanda.

"Mie nimemwombea kwa bibiyo abaki kwa ajili yako," akasema, kila neno na pumzi yake. "Nimemwambia, mtoto huyu hana kitu chengine cha kumfurahisha nyumba hii. Kila siku namuona hapo na kopo lake. Muache na mbwa wake. Sasa wamtoa kwa nini? Kwa sababu yangu mie?"

"Simpendi," nikasema.

"Humpendi?"

"Simpendi hata kidogo. Namuogopa."

Mama alinitazama, na mate ya mbwa yakikauka shavuni pangu. "Sasa wamsafishia nini?"

Nikamwambia yote. Maneno ya Maalim ya kwanza na ya pili, ile picha ya biskuti chini ya godoro, udongo wa mrehani wake. Nilipolitaja jina la Ziraili nilitazama sakafu. Nilipomaliza nikainua macho. Mama alikuwa ameweka kiganja kifuani.

"Na ni nani aliyekwambia kwamba yuwaja huku?"

"Hakuna. Nimejua mwenyewe."

"Tangu lini?"

"Tangu walipoanza kunipa haluwa."

Mama alicheka. Kicheko kilimtoka kabla hajakizuia, kikawa kikohozi, na kikohozi kikawa kilio, na mimi sikujua niite mtu au nikae. Alinivuta kwake, na mate ya mbwa vile vile, akaniegemeza kifuani ambapo moyo wake ulikuwa ukienda bila mpango. Tulikaa hivyo. Miezi yote ile watu walikuwa wakimzunguka kwa maneno matamu, na nadhani alikuwa amechoka kuwa peke yake na lile analolijua.

"Sikiliza," akasema alipopata pumzi. "Mbwa wa ulinzi ni mambo mengine. Huyo ni ruhusa kumweka. Maalim hakuwaeleza?"

"La."

"Basi mwambie akueleze. Hukumfungia mtu mlango. Mrudishe mbwa wa watu, kisha ujioshe na udongo, kabla bibiyo hajakuona." Akaniachia, halafu akanishika tena mkono. "Bibiyo ajua kwamba wajua?"

"Hajui."

"Usimwambie. Mie na weye twaweza. Yeye hawezi."

Hivyo ndivyo tulivyokaa muda uliobaki. Bibi huingia na uji, akakoroga, akapuliza, akasema, "Utaamka tu, mwanangu, mvua zikipita tutakwenda Mama Ngina sote watatu." Mama humjibu, "Inshallah, Mama." Nami nasema inshallah. Na Mama hunitazama juu ya kikombe, kwa jicho moja tu. Ilikuwa nzito kwa mtoto, na niliwahi kumkasirikia kwa kuniachia mzigo ule. Ila zile ndizo siku pekee katika ugonjwa ule ambazo hakuna aliyenidanganya.

Bosi nilimrudisha, na kusafisha niliendelea. Mutisya aliomba zamu ya mchana ili asafishe mwenyewe, lakini nilikuwa nimeshazoea kuamka, na Mama alipenda kuniona pale. Mbao za dirisha tuliziacha wazi.

Kisha asubuhi moja nilikuwa kwenye saruji na ndoo, udongo umeshamwagwa, bado kuusuuza. Uradi wa Bibi haukusikika kutoka juu. Niligeuka nikamuona amesimama kwenye mlango wa chumba cha Mama, kanga ya sala imemteremka mabegani, nywele zake nyeupe ziko wazi, na mkono mmoja umeshika fremu ya mlango.

"Mamako amelala vizuri leo," akasema. "Usimwamshe. Nenda juu ukavae."

Nilimtazama. Kidevu kilikuwa kikimtetemeka, naye akijitahidi kukituliza ili nisione.

"Haya, Bibi," nikasema.

Nilimimina maji yaliyobaki, nikaosha mikono, nikapita mbele yake nikapanda ngazi taratibu kama siku zote. Juu nilifunga mlango, nikatia ncha ya shuka mdomoni mpaka nikaweza kupumua bila sauti. Halafu nikavaa sare ya shule, nikafunga vifungo vyote, nikakaa kitandani kungoja Bibi apate nguvu za kuja kuniambia. Alichukua muda mrefu kupanda.